Masikio Manne ya Mnara

Deo alifariki Jumanne asubuhi, na Jumatano mchungaji wetu alinipigia simu kuniomba niseme maneno machache Jumamosi, siku ya kukaa na wafiwa nyumbani kwa marehemu, Norsborg. "Wewe ndiye uliyeanza naye maisha hapa," aliniambia. "Tusimulie ule mwaka wenu wa kwanza." Nilikubali kwa sababu mtu hakatai jambo kama hilo. Kisha nikakaa mezani na karatasi, na viganja vikaanza kutokwa jasho. Mwaka ule naukumbuka kuliko mwaka niliooa. Watu wa kanisani wanajua kwamba Deo na mimi ni watoto wa mtu na mdogo wake, kwamba tulifanya kazi karakana moja, kwamba tulijenga kifaru cha vita hapahapa Stockholm, jambo ambalo huwachekesha kila nikilitaja, na kwamba baadaye Deo aliacha uchomeleaji akaenda kusafisha mabehewa ya treni. Wanadhani alichoka na moto. Hawajui kwamba ni mimi niliyemtoa karakanani. Hata hilo si lote, na kile kilichobaki ndicho kilichonitoa jasho, kwa maana Deo mwenyewe amekwenda bila kukijua.

Karakana ilikuwa kusini mwa jiji, jengo refu la matofali lenye madirisha machafu juu kabisa, ambamo mwanga wa majira ya baridi uliingia saa nne asubuhi na kuondoka saa nane mchana kana kwamba umelipwa kibarua cha nusu siku. Kazi za kawaida zilikuwa ngazi za chuma na mapipa ya mafuta. Mwaka ule, tajiri mmoja mkusanyaji wa magari ya vita aliagiza kitu kingine: nakala kamili, ya ukubwa uleule, ya kifaru kizito ambacho Waingereza walikibuni wakati wa Vita Kuu ya Pili na hawakuwahi kukipeleka vitani. Vilitengenezwa vichache tu vya majaribio, vita vikaisha, navyo vikaburutwa hadi uwanja wa mazoezi vikapigwa mizinga mpaka vikawa chuma chakavu. Kilichobaki ni michoro, na mzee mmoja kati ya walioichora. Waswidi walimwita Ted. Sisi hatukuweza kumwita mtu wa umri ule jina kavu, tukamwita Mzee Ted, na alipojua maana yake alifurahi akaanza kujiita hivyo kwenye simu.

Mzee Ted alikuwa na miaka kumi na tisa alipowekwa mbele ya ubao wa kuchorea, katika ofisi iliyokuwa na mapazia meusi kwa sababu ya ndege za Wajerumani. Alioa Mswidi, akahamia huku, akazeekea huku, na Kiswidi chake kilikuwa na lafudhi nzito iliyonipa moyo na changu. Alikuja kila siku kwa basi, amevaa tai chini ya koti la kazi. Wakati wa kahawa alitusimulia jinsi kifaru kile kilivyozaliwa, na sijawahi kusikia hadithi ya kazi iliyonipa wasiwasi kama ile. Kwanza walikitengeneza chote kwa mbao, na mzinga wa mbao, ili majenerali waje wakizunguke wakigonge kwa fimbo zao. Kila jenerali aliongeza kitu. Mmoja alisema bamba la mbele ni jembamba, likaongezwa unene. Mwingine akataka mzinga mkubwa zaidi, mnara ukapanuliwa. Mnara ulipopanuka, mwili ukapanuka, minyororo ikapanuka, hadi siku moja akaja mtu wa reli na futi yake, akapima, akatangaza kwamba kitu hicho hakitaenea kwenye behewa lolote la nchi ile. Injini tu haikubadilika. "Ilikuwa injini ya mtoto," Mzee Ted alisema, "imebebeshwa mzigo wa baba." Na kwa kuwa chuma kigumu kilikuwa haba, cha kwanza kilijengwa kwa chuma laini cha kawaida, wakatoboa matundu madogo kwenye mabamba, alama ya kumwambia askari kwamba humu ndani hakuna kinga. Nakala yetu nayo ilikuwa ya chuma laini, na Mzee Ted alisimama nyuma ya fundi wa kutoboa mpaka akahakikisha kila tundu liko mahali pake.

Nirudi kwa Deo. Ndiye aliyenifundisha kuchomelea, kule kwetu Uvira, Congo, uani kwa fundi wa milango na madirisha, kwa mashine aliyoizungushia waya za shaba kwa mikono yake mwenyewe. Alinifundisha kusikiliza. Mshono mzuri, alisema, unalia kama mafuta yanayokaanga ndagala, dagaa wa kwetu. Ukianza kukohoa, jua umeshaharibu. Lakini Sweden mkono peke yake hautoshi. Mtihani wa uchomeleaji ulikuwa na sehemu mbili, ya mikono na ya karatasi. Ya mikono Deo alifaulu kuliko wote, hata msimamizi aliwaita wenzake waje waone. Ya karatasi, kwa Kiswidi, alianguka mara mbili. Mimi niliyekuwa na ulimi mwepesi nilifaulu zote, nikapewa muhuri mdogo wa chuma wenye namba kumi na saba. Ukimaliza mshono unaweka muhuri kando yake, unapiga nyundo mara moja, na namba yako inabaki pale kwa muda wote ambao chuma kitakuwepo. Deo alipewa ufagio na mashine ya kusaga. Mwalimu alisafisha nilipochafua mimi mwanafunzi, na hakulalamika, ila kila nilipomaliza mshono alipita akauangalia na kusema "si mubaya, petit," yaani mdogo wangu, kwa sauti ambayo bado inaniudhi na bado naitamani.

Tulikaa Vårby gård, chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu, magodoro mawili na meza ya kukunja. Jumamosi tulipanda treni ya mstari mwekundu, tukabadilisha mjini, tukachukua ya bluu hadi Rinkeby kununua sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, mawese na unga. Deo alipika, mimi nilisoma. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu ya jioni: yeye anasonga bugali, mimi nimeshika kitabu cha uchomeleaji cha Kiswidi namsomea kanuni moja moja, naye anarudia huku mwiko ukizunguka sufuria. Göran, mkuu wa karakana, alikuwa amemwahidi kwamba kifaru kikimalizika na Deo hana doa, wangempeleka tena mtihanini, safari hii ajibu kwa mdomo. Deo aliishi kwa ahadi hiyo. Mke wake, Espérance, alikuwa bado Bujumbura akingoja karatasi, na kila alipompigia simu nilimsikia akimwambia mambo yaleyale: "Nitarudilia kuwa fundi, mama. Kidogo tu." Mimi nilijifanya nasoma.

Mwezi Machi tulifika kwenye mnara. Mnara wa kifaru ni ile sehemu ya juu inayobeba mzinga na kuzunguka, na wetu, hata kwa chuma laini, ulikuwa mzito kuliko kitu chochote ambacho kreni ya karakana ilikuwa imewahi kunyanyua. Ulipaswa kuwekewa masikio manne, pete nene za chuma za kupitishia minyororo ya kreni, na kila sikio lilikuwa na mshono mnene ambao aliruhusiwa kuuchomelea mtu mwenye muhuri tu. Kazi hiyo nilipewa mimi. Siku ya kwanza nilichomelea mawili. Mchana ule, fundi wa jirani aliwasha moto wakati nimeinua barakoa yangu, na asiyewahi kupatwa na hilo hajui: unaona mwanga, unasahau, na baada ya saa kadhaa unahisi mtu amekumwagia mchanga machoni. Asubuhi iliyofuata nilichomelea sikio la tatu machozi yakichuruzika ndani ya barakoa. Saa ya chakula sikuweza kufungua macho. Nilikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, nimejifunika kitambaa chenye maji baridi, nikamsikia Deo akifunga mlango.

"Petit, leta masque yako," alisema. "Na ile numero."

"Haiwezekani, mukubwa. Wakikuona?"

"Batamuona nani? Ata tukiwa bila kitu banatuchanganya. Nikivaa masque, niko weye." Alicheka. "Ukisema macho inauma, kesho banaleta mwingine mu nafasi yako. Na mimi niko hapa juu yako. Weye ukitoka, na mi natoka."

Nilimpa. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimpa kwa ajili yake au kwa ajili yangu, na jibu hubadilika kulingana na siku. Kwetu mtu haombi ruhusa ya kutumia jembe la ndugu yake. Umri wote tulikuwa tumevaa mashati ya kuazimana, na kule Uvira aliwahi kunikabidhi baiskeli yake mwaka mzima. Muhuri mle mfukoni mwangu niliuona ni kitu kama hicho. Nilijiegemeza ukutani, nikasikiliza kupitia mlango. Alichomelea saa nzima na zaidi. Mlio ulikuwa ule wa ndagala, bila kikohozi hata kimoja. Halafu nikasikia nyundo, mara moja, na namba yangu ikawa kwenye kazi yake.

Macho yalipona kwa siku mbili. Wasiwasi ulianza hapo. Nilimaliza kusoma kitabu ambacho nilikuwa nakisoma juujuu, nikakutana na sura ya vijiti vya kuchomelea. Kwa mishono minene kama ile, vijiti lazima vitoke kwenye oveni vikiwa vya moto. Vikikaa nje vinavuta unyevu wa hewa, na mshono utaonekana mzuri leo, upasuke kesho kutwa bila mtu kuugusa. Uvira vijiti vyetu vilikaa sakafuni kando ya kuku. Deo hakuwahi kuchomelea kwa vijiti vya oveni. Nilimuuliza jikoni, kwa upole nilioweza, kama alivitoa kwenye oveni au kwenye pakiti. Aliweka mwiko chini. "Unaniuliza mimi?" alisema. Tulikula bugali yetu tukisikia tu majirani wa juu wakivuta viti. Kesho yake nilirudi kulitazama sikio la nne. Mshono ulikuwa umelala vizuri kuliko yote matatu ya kwangu, na uzuri huo wenyewe ukanitia hofu zaidi, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimesema hivyohivyo.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kunyanyua. Tangu Jumatatu watu hawakuzungumzia jambo jingine. Nilisikia kwenye chumba cha nguo kwamba tajiri atakuja na wageni, kwamba Göran ameagiza keki, na halafu, nikiwa nafunga viatu, nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba Mzee Ted amekubaliwa kuingia ndani ya mwili wa kifaru na tochi, aongoze mnara unaposhuka, kwa sababu ni yeye tu anayejua jinsi unavyokaa kwenye duara lake. "Ameomba kama mtoto," yule mtu alisema. Tangu wakati huo sikulala vizuri. Nilimwona mzee yule amesimama chini ya mnara na tai yake. Nikimtaja Deo, nimemuua kwa namna nyingine: muhuri ulioazimwa ulikuwa kosa ambalo hata wenye vyeti walifukuzwa kwalo, na yeye alikuwa mtu wa ufagio. Nisipomtaja, namngojea Mungu afanye kazi niliyopaswa kuifanya mimi.

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere na chapati za maji, Sweden nzima, karakana na shule na jeshi. Mzee Ted alitia haradali kwenye supu yake, akaanza kusimulia kilima. Kifaru cha kwanza kilipelekwa kwenye kilima chenye tope ili majenerali waone kinavyopanda. Ofisini kila mtu alijua kwamba mikono ya chuma inayobeba magurudumu ilipigiwa hesabu ya uzito wa zamani, kabla ya majenerali kuongeza mambo yao. Yeye aliijua kwa sababu ndiye aliyenakili hesabu ile. Mkuu wake aliijua. Mkuu wa mkuu wake aliijua. "Na kila mmoja alingoja mwenzake aseme," alisema, "kwa kuwa kulikuwa na vita, na hakuna aliyetaka kuwa yule aliyechelewesha." Katikati ya kilima mkono mmoja ukakatika, kifaru kikateleza upande, kikamkuta fundi aliyekuwa anatembea kando yake, mtu ambaye Mzee Ted alizoea kugawana naye mkate. Mtu yule hakufa ila hakutembea tena. Uchunguzi ulifanyika, na ukaandika kwamba kilima kilikuwa na utelezi. Mzee Ted alifuta mdomo. "Ulikuwapo utelezi, ni kweli," akasema, akavuta sahani ya chapati. Mimi niliiacha supu yangu. Deo alikuwa ameketi meza ya pili, anakula kwa raha kabisa, na nilimchukia kwa raha ile.

Ijumaa saa tatu minyororo ilikuwa imekwisha kupitishwa kwenye masikio yote manne. Wageni walisimama nyuma ya kamba. Mzee Ted aliingia ndani ya mwili wa kifaru kwa kusaidiwa, mguu mmoja kisha mwingine, nikaona mwanga wa tochi yake ukitembea mle ndani. Kreni ikaguna. Mnara ukanyanyuka kutoka sakafuni, kiasi cha kiganja, kisha kiasi cha mkono. Nilimtazama Deo aliyesimama na ufagio wake karibu na mlango, naye akanitazama, akatikisa kichwa polepole. Alikuwa ameelewa kabla yangu kwamba nitasema. Nilitembea hadi kwenye nguzo, nikabonyeza kitufe chekundu, na kreni ikanyamaza. Nilisema kwa Kiswidi kibovu kuliko kawaida yangu, mbele ya wageni na keki, kwamba sikio la nne halikuchomelewa na mimi ingawa lina namba yangu. Göran aliuliza ni nani basi. Nilimwonyesha kwa mkono, kwa kuwa jina lake lilikataa kutoka.

Göran alikuwa mtu wa kaskazini, na watu wa kule wana namna ya kusema ndiyo kwa kuvuta pumzi ndani, sauti fupi kama mtu aliyejikata. Alivuta pumzi ile. Akaushusha mnara, akamtoa Mzee Ted, akamwambia Deo aende nyumbani angoje simu. Deo aliweka ufagio ukutani, taratibu, akapita mbele yangu. Wageni walipewa kahawa. Sisi watatu, Göran na Mzee Ted na mimi, tukabaki na mnara. Kuna dawa nyekundu unayoipulizia kwenye mshono, unaingoja, unaifuta kabisa, halafu unapulizia poda nyeupe. Kama kuna ufa, hata usioonekana kwa jicho, ile nyekundu iliyojificha ndani inapanda juu. Tulianza na sikio la nne. Poda ilikaa nyeupe. Tulingoja, nikahesabu pumzi zangu, ikakaa nyeupe tu. Göran akasema kwa kuwa tumeshaanza tumalizie yote. La kwanza likawa jeupe, la pili jeupe. Kwenye la tatu uzi mwekundu ulitokea pembeni ya mshono, mwembamba, ukarefuka mbele ya macho yetu. Namba kumi na saba ilikuwa kando yake. Ndipo nilipokumbuka: asubuhi ile, macho yakichuruzika, nilipapasa mezani nikashika vijiti vya kwanza mkono wangu ulivyovikuta, kwenye pakiti iliyokuwa wazi. Oveni ilikuwa upande wa pili wa karakana, na sikutaka watu waone ninavyotembea.

Nilimwambia Göran basi Deo arudi, mshono wake ni mzima. Alifikiri kidogo, na nina hakika alifikiri kwa haki. "Mshono mbaya tunausaga, tunaurudia," alisema. "Muhuri ulioazimwa hausagiki." Mimi niliyesema ningebaki, bila muhuri hadi vuli. Deo aliyechomelea bila cheti asingerudi, ahadi ya mtihani ilikufa hapohapo, na badala ya simu Göran aliniachia mimi nimpelekee habari. Mzee Ted alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa, anatazama ule uzi mwekundu. Alinishika mkono nilipokuwa natoka. "Mwambie ndugu yako," alisema. "Mwambie leo. Kesho ni vigumu zaidi, mimi najua."

Deo alikuwa jikoni Vårby gård. Alikuwa amepika wali na maharage, sufuria mbili, kama mtu aliyekuwa na mchana mrefu. Nilitoa viatu polepole sana. Aliniuliza akiwa amenipa mgongo.

"Banaipima?"

"Ndiyo."

"Ilipasuka?"

Katika maisha yangu nimepata maswali magumu, kwenye ofisi za wahamiaji na kwenye kitanda cha mama yangu, lakini hakuna lililokuwa jepesi kama lile. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na aibu, na niliogopa macho yake. Nilisema, "Moja ilipasuka."

Aligeuka, akanyanyua mikono yake akaiangalia, kwanza viganja, kisha migongo ya mikono. Nilikuwa bado na nafasi. Ningeweza kusema ya tatu, ningeweza kusema ya kwangu, ni maneno mawili. Alinijia akanikumbatia. "Aksanti, petit," alisema. "Mimi nilikuwa nimejiamini. Umeniokoa na damu ya mutu." Tukakaa tukala. Aliniongezea maharage.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya anayenyamaza ni ndefu ajabu. Nimetembea ya kwangu hadi nimeota mvi. Mnara ulinyanyuliwa wiki mbili baadaye na ukakaa sawasawa. Mzee Ted alifariki kabla ya kiangazi kilichofuata, na kila tulipokutana kabla ya hapo aliniuliza kwa macho, nami nikatazama pembeni. Espérance alikuja. Nilisema nitamwambia Deo baada ya karamu ya kumpokea, kisha baada ya ubatizo wa binti yao Aline, kisha mwana wao Patrick alipoanza shule. Muhuri nilirudishiwa, nikasoma zaidi, na kwa miaka mingi mpaka nilipostaafu kazi yangu ilikuwa kukagua mishono ya wengine kwa ileile dawa nyekundu. Watu waliniheshimu kwa ukali wangu. Deo alisafisha mabehewa, akawa msimamizi wa wasafishaji, na Jumapili aliimba besi. Nilijiambia kwamba ameridhika, na kwamba kumfukulia jambo la zamani ni kumwonea. Huo ulikuwa woga, nao ulijua kuvaa vizuri.

Jumamosi sebule ya Norsborg ilijaa hadi kwenye ngazi. Wanawake wa kwaya walikuwa jikoni na sufuria, watu wa Kenya na Burundi na Congo wamebanana kwenye viti vya kanisa, makoti yamerundikwa kitandani. Nilikaa karibu na Espérance, karatasi yangu mfukoni. Humo nilikuwa nimeandika habari za majenerali na mtu wa reli, mambo ya kuchekesha kidogo, nikaishia pale mnara ulipokaa. Mchungaji alikuwa bado anaomba Espérance aliponiinamia.

"Shemeji, utasema juu ya ile karakana?" aliniuliza.

"Kidogo tu."

"Usema muzuri. Alikuwa anasema mukono yake ilikaribia kuua mutu. Njo maana hakushika tena moto, ata siku moja. Ata mguu ya kitanda ikivunjika, alikuwa anaita fundi, analipa, anasimama mbali." Alirekebisha kitambaa chake. "Na kila siku alikuwa anakuombea weye, kwa jina, juu ulisema ukweli."

Mchungaji akataja jina langu. Nilisimama. Karatasi sikuitoa. Nilisema kwamba mwaka wetu wa kwanza Deo alichomelea sikio moja la mnara na mimi nilichomelea matatu, kwamba moja lilipasuka, na kwamba lile lililopasuka lilikuwa langu. Nilisema nililijua hilo siku ileile. Nilisema aliniuliza na nikajibu kwa namna ya kumwacha aamini ni lake. Jikoni mtu alifunga bomba la maji. Aline na Patrick walikuwa wamesimama kando ya dirisha, watu wazima sasa. Kiswahili cha nyumbani wanakielewa, cha karakana hapana, na nilimwona Patrick akimwinamia dada yake kumuuliza kwa Kiswidi nimesema nini.

"Sema tena," Espérance aliniambia, bila kupandisha sauti. "Mu Kiswidi. Batoto basikie."

Nikasema kwa Kiswidi, na safari hii kilitoka kikiwa kizima. Mshono wa baba yenu haukuwa na ufa. Wangu ndio uliokuwa nao. Yeye ndiye aliyekuwa fundi, na mimi nililijua hilo miaka yote. Patrick aliniuliza, kwa Kiswidi vilevile, kama baba yake alikuja kujua. Nikamwambia hapana. Aliendelea kunitazama, na sikutazama pembeni.

Espérance alikuwa hajalia tangu Jumanne. Wanawake walikuwa wakinong'ona juu ya hilo mlangoni. Aliinuka, akapita katikati ya magoti ya watu hadi kwenye meza ndogo yenye picha ya mume wake, akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso wake.

"Unasikia, Papa Aline?" alimwambia. "Ya kwako haikupasuka."